Koo Moja kwa Kwaya na Jukwaa

Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba, saa nane na robo mchana. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, na wanakwaya walikuwa wameketi ukumbini bila kutamka neno. Hawakuwa wameadhibiwa. Katika shule yetu, siku ya mashindano, mwanakwaya hafungui kinywa kwa mazungumzo tangu chai ya asubuhi hadi apande jukwaani. Akitaka sukari, ananyoosha kidole. Akikanyagwa, anakunja uso. Mimi mwenyewe nilifunga kinywa hivyo nilipokuwa mwanafunzi wa bweni hapa hapa, na niliporudi kufundisha muziki sikumruhusu mtu yeyote ailegeze desturi hiyo.

Nilikuwa nimechoka, uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Machi igizo letu lilishinda kanda. Juni kwaya nayo ikashinda. Agosti igizo likatwaa kombe la taifa, na shule nzima ikalisindikiza kwa nyimbo kutoka getini hadi bwaloni. Shule kubwa zina waigizaji wao na waimbaji wao. Sisi tuna watoto wale wale: wanavua mavazi ya igizo na kuvaa sare ya kwaya, poda ikiwa bado masikioni. Sasa ilibaki fainali ya kwaya, jioni hiyo, na basi lilikuwa limekwisha kuegeshwa mbele ya ukumbi.

Ubeti wa pili wa wimbo wetu huimbwa na mtu mmoja peke yake. Mtu huyo alikuwa msichana wa kidato cha tatu tuliyemwita Chiriku, kwa kuwa alianza kusema anapoamka na kunyamaza anapolala. Nilipopita kati ya viti nilimwona ameshika shingo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike. Nikampeleka chumba cha muziki, nikamwita muuguzi wa shule, nikamwita na mwalimu wa maigizo, ambaye wanafunzi humwita Mama Pazia.

"Sema," nilimwambia Chiriku. "Kwako nimeisimamisha desturi."

"Ni jana, mwalimu." Sauti ilitoka ikikwaruza kama mlango wa ghala. "Wageni wa bodi walitaka kuona igizo. Pale ninapoigiza mama anayemwita mwanawe kwa mayowe kwenye moto. Tulirudia mara tatu."

"Mara tatu za nini?"

"Mara ya kwanza walikuwa wanakunywa chai."

Nilimgeukia Mama Pazia. Yeye alikwisha kukunja mikono.

"Usiniangalie hivyo, kaka," alisema. "Nilidhani huo ukimya wenu ndio dawa. Si mmefunga vinywa?"

"Tumefunga leo. Wewe ulivifungua jana."

"Na jana wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nikisahihisha mitihani, na nilisikia mayowe yale kupitia dirishani. Niliyasikia, nikaendelea kusahihisha, kwa sababu desturi yetu inailinda siku ya mashindano, na kuhusu mkesha wake haisemi kitu. Hivyo ndivyo walimu wawili waangalifu walivyoligawana koo moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hajaligusa.

Muuguzi alimulika kinywani mwa mtoto kwa tochi. "Limevimba," alisema. "Anyamaze wiki nzima. Akiilazimisha sauti leo, huenda ikarudi kesho, huenda isirudi kama ilivyokuwa. Mimi siwezi kuapa."

"Naweza, mwalimu," alisema Chiriku. "Ubeti mmoja tu. Nikimaliza, nanyamaza hadi shule ifunguliwe."

"Wewe?" alisema Mama Pazia. "Hilo hata mama yako mzazi haliamini."

Mtoto alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikabonyeza kinanda, nikampa noti ya kuanzia. Alipanda ngazi ya kwanza ya sauti, akapanda ya pili. Kwenye ya tatu kinywa kilibaki wazi na hakikutoa kitu. Alijaribu tena kabla sijamwambia aache. Mama Pazia alivua mtandio wake, akamfunga shingoni taratibu.

Nilivuka uwanja kwenda ofisi ya Mkuu wa shule. Alikuwa amesimama mbele ya kabati la vioo akipangusa rafu ya katikati, ambayo alikuwa ameiacha tupu. Desemba alikuwa anastaafu. Mwaka mzima alikuwa amebisha milango ya watu akiomba basi, akiomba vitambaa vya mavazi, akiomba ruhusa, na macho yake yalionyesha hivyo. Nilimweleza yote kwa ufupi.

"Wengine waimbe huo ubeti," alisema.

"Sauti ya kwanza wote watauimba pamoja. Majaji watatukata alama. Kombe hatutalipata."

"Basi aimbe mwenyewe. Si amesema anaweza?"

"Amesema. Hawezi."

Aliweka kitambaa chini. "Bwana mdogo, mimi nimewahi kukuomba kitu?"

"Hujawahi, mzee."

"Mkeo alipolazwa muhula mzima, bodi ilitaka kukuondoa. Nani alikataa?"

"Ni wewe."

"Nani alisimamia kwaya yako jioni zote zile, mimi nisiyejua do wala re? Watoto walikuwa wananicheka mbele yangu."

"Ni wewe, mzee."

"Sikukukumbusha hata siku moja."

"Hukunikumbusha."

"Leo nakukumbusha."

Dereva alipiga honi nje. Mke wangu alikuwa nyumbani, mzima. Asubuhi hiyo alinishonea kifungo cha koti. Nisingekuwa na asubuhi kama hiyo bila mtu huyu aliyesimama mbele yangu, na kama angeniomba nibebe kabati lile mgongoni hadi mjini, ningelibeba.

"Deni nalijua," nilisema. "Niambie nikulipe kwa kitu changu. Likizo zangu, cheo changu, chochote. Lile koo ni la mtoto wa watu. Wazazi wake walituachia tumtunze."

"Fadhila za punda," alisema, akakaa kitini. Hakuimalizia methali. Alionekana mzee kuliko nilivyomwona asubuhi.

"Utarudi mikono mitupu," alisema.

"Nitarudi mikono mitupu."

"Na mimi niondoke hivyo hivyo."

"Nasikitika, mzee."

"Sikuulizi kama unasikitika. Nakuuliza kama unakataa kunilipa."

"Kwa hili, ndiyo," nilisema. "Nakataa."