Mpaka Aache Ziwa

Evaline alikuwa na wimbo mmoja tu: mtoto hataki kuacha ziwa. Kila Tadei alipotoka Mshangano na baiskeli yake kwenda Mjimwema kumfuata binti yake, alipokewa vizuri, akapewa ugali, halafu akapewa wimbo huo.

"Shemeji, nimejipaka mwarobaini mpaka mwenyewe nanuka dawa. Leticia analamba tu, anacheka."

"Analamba mwarobaini?"

"Mtoto wako ana ulimi wa mbuzi huyo."

Tadei alicheka, akarudi kwake mikono mitupu. Huko hakuwa tena na mwenzake wa kucheka naye. Asumpta, mkewe, alifariki asubuhi ile ile aliyomzaa Leticia. Damu ilikuwa haikatiki, na gari la wagonjwa lilikuwepo pale pale uani mwa zahanati, limeoshwa linang'aa, ila likasemekana limetengwa kwa ajili ya mkubwa anayekuja kukagua. Kukagua nini, Tadei hajaambiwa mpaka leo. Wauguzi walimpa pole, basi. Ukutani walikuwa wamebandika picha ya mama mnene ananyonyesha huku anatabasamu, na maneno kwamba mtoto anyonye mpaka miaka miwili. Asumpta hakunyonyesha hata mara moja.

Baada ya mazishi wazee wa pande zote mbili walikaa, wakapatana. Evaline, mdogo wa marehemu, alikuwa na kichanga chake, Derick. Basi awanyonyeshe wote wawili. Leticia akiacha ziwa, arudi kwa baba yake. Neno hilo, akiacha ziwa, Tadei alilala nalo, akaamka nalo, akapalilia nalo mahindi. Alishachonga kitanda kidogo cha mbao za mti wa mlingoti. Alishamleta mama yake kutoka kijijini aje kulea. Maana Leticia alikuwa na paji la uso la Asumpta, na ile tabia yake ya kupeleka mdomo upande akitaka kulia. Tadei alitaka uso ule urudi nyumbani.

Jumamosi moja alifika mapema, hakuna aliyemtegemea. Alimkuta Evaline uani anatwanga majani kwenye kinu kidogo. Derick alikuwa pembeni anakula kiazi; yeye ziwa alishaliacha, hana habari nalo. Leticia kang'ang'ania kanga ya mama yake mdogo.

"Karibu shemeji! Dawa ndiyo hii. Leo naongeza ukali."

Tadei alichovya kidole kwenye bakuli la maji ya kijani, akalamba. Akasubiri uchungu. Haukuja. Akalamba tena.

"Evaline."

"Abee."

"Haya ni majani ya maboga."

Mchi ulisimama.

"Si nilikwambia ana ulimi wa mbuzi," Evaline alijaribu, lakini kicheko hakikufika mwisho. Akakaa chini, kanga ikaburuzika vumbini. "Nikimwachisha utamchukua. Dada yangu nimemzika, shemeji. Huyu akinyonya ananishika sikio, vile vile dada alivyokuwa ananishika tukilala kitanda kimoja utotoni. Ukimchukua nitabaki na nini?"

"Na mimi nimebaki na nini?" Tadei alifoka. "Umekuwa kama wale wakubwa wa gari la wagonjwa! Njoo kesho, njoo kesho, kumbe mwenzangu ulishaamua zamani!"

Hilo lilimchoma. Evaline aliinuka, akaenda kwenye mwarobaini wa jirani, akavunja tawi, akatwanga mpaka harufu kali ikajaa ua mzima. Akageukia ukutani, akajipaka.

"Haya. Shuhudia."

Leticia alilidaka ziwa, akavuta. Akaachia, akatema, akamtazama Evaline usoni kama anayeuliza. Kisha mdomo ukaenda upande, akaangua kilio.

"Mchukue basi," Evaline alisema, naye machozi yanamtoka. "Si ndicho ulichotaka? Kaacha."

Tadei alinyoosha mikono. Leticia kuiona tu alipiga yowe, akajifukia kifuani pale pale penye uchungu, akashika sikio la Evaline kwa vidole vyote.

Mikono ya Tadei ilibaki hewani. Angeweza kumbandua. Makubaliano yalikuwa upande wake, wazee walikuwa upande wake, kitanda kilikuwa tayari. Hata lile gari, siku ile, wakubwa walisema ni haki yao.

Akaenda jikoni, akatoka na maji ya uvuguvugu kwenye beseni, na kipande cha sabuni.

"Osha."

"Shemeji..."

"Osha, nimesema. Anyonye."

Akaifuata baiskeli yake.

"Unakwenda wapi tena?" Evaline alimwita. "Kila ukija unakula, unaondoka. Atakujuaje? Njoo ukae hapa mkekani."

"Mama ataniuliza mtoto yuko wapi."

"Mwambie ananyonya."

Tadei alirudi, akakaa. Leticia alikuwa bado ana kwikwi, lakini alinyonya, huku jicho moja likimchunguza baba yake, likifumba, likifumbuka tena. Unyayo wake ulikuwa karibu kabisa na goti la Tadei. Alitamani kuugusa, akaogopa. Alijisogeza kidogo tu, mguu upate nafasi ya kunyooka.