Kiti cha Nne

Fabiani aliingia dukani na nondo mkononi, shati limelowa damu ya mwanawe. Hakusalimia. Pigo la kwanza lilivunja kabati la vioo. La pili lilimshukia Shomari begani, akaanguka katikati ya ndoo na mabeseni.

"Vidole vya Edda viko wapi?" Fabiani alifoka. "Nakuuliza, viko wapi?"

Nyuma ya kaunta, Zuwena, mama Najma, mke wa Shomari, alielewa mara moja. Ni kile kiti cha mtoto cha kukunja, cha chuma. Wiki iliyopita alikifunga kwa mkono wake kwenye baiskeli ya Fabiani, kikapelekwa kijijini Singe. Sasa komeo lilikuwa limefyatuka mtoto akinywa uji, miguu ya kiti ikajifunga kama mkasi.

"Baba Edda, haki ya Mungu sikujua!" Shomari alilia.

Zuwena alifungua droo kutafuta kitambaa cha kumzuilia mumewe damu, akakuta barua ya mwagizaji wa viti wa Arusha. Komeo ni bovu, msiuze tena, rudisheni viti vyote. Ilikuwa ya mwezi uliopita, na bahasha ilikwisha kufunguliwa.

"Ulijua," alimwambia mumewe.

Shomari alifumba macho.

Watu walikwishajaa mlangoni. Jiwe likaruka, kisha mateke. Zuwena aliwapigia kelele waache, hakuna aliyemsikia. Ndipo akakumbuka: viti vilikuja vinne. Viwili viko stoo, kimoja kimemkata Edda. Cha nne alikichukua mwalimu Antonia wa mtaa wa Maisaka.

Aliisokomeza barua kifuani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alipopita kituo cha polisi alipiga yowe kwamba dukani kwake wanaua mtu, wala hakusimama.

Antonia alikuwa akifua uani. Mwanawe, Wilbert, ameketi kwenye kile kiti, anagongagonga kijiko.

"Mama Najma! Mbona unahema hivyo?"

Zuwena aliingiza mkono wa kulia chini ya kiti kukizuia, wa kushoto akamnyofoa mtoto. Komeo likafyatuka. Alisikia mfupa wake ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Wilbert alianguka chini akilia, na Antonia, aliyeona tu mwanawe akitupwa, alimpiga Zuwena ndoo ya kichwa. Aliinua tena ampige, kisha akauona mkono uliobanwa. Ndoo ikamponyoka.

Manyara ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu iwe mkoa kesi iliposikilizwa Babati. Shomari, taya limepinda, alidai kosa ni la waliotengeneza. Zuwena aliitoa barua kwa mkono wa kushoto, akaeleza alivyoikuta kwenye droo. Mashemeji zake walimwita msaliti mbele ya watu. Hakimu alisema muuzaji aliyeonywa akaendelea kuuza hawezi kujificha nyuma ya kiwanda, akaamuru Shomari amlipe Edda fidia. Fabiani naye alifungwa miezi sita kwa kujeruhi.

Nje, Mektilda, mke wa Fabiani, alikuwa amembeba Edda mgongoni. Zuwena alisimama mbali, hajui kama amkaribie. Mektilda ndiye aliyemfuata.

"Mume wangu amefungwa kwa ajili ya mume wako," alisema.

"Najua, Mama Edda."

Mektilda aliutazama ule mkono uliokauka.

"Ungeifungua hiyo droo mapema," alisema, akaondoka kuelekea Singe.