Tarakimu Moja

Okbazgi alikuwa na vibanda sita vya simu ndani ya duka jembamba mjini Milano, mtaa mmoja nyuma ya Porta Venezia. Waeritrea waliofanya kazi za ndani kwa Waitaliano walimjua kama mtu pekee anayeweza kuupata kwa simu mji wa Segeneiti, kule Eritrea, siku ya Jumapili. Miaka ile simu za mkononi kule nyumbani zilikuwa za wachache, na za mezani zilikuwa za kubahatisha. Ungeweza kubonyeza namba asubuhi nzima ukaambulia mvumo kama wa upepo. Kadi za kukwangua zilizouzwa kwenye vibanda vya magazeti ziliahidi saa nzima zikatoa dakika kumi na saba. Nyingine zilikuwa na mlio wa uongo: unasikia simu inaita, unasubiri kwa heshima, kumbe haijatoka hata nje ya Italia.

Yeye alinunua dakika zake kwa jumla kutoka kampuni tatu, na baada ya miaka kumi na moja alijua ipi hupita asubuhi na ipi huamka mchana. Hakumwachia mteja abonyeze mwenyewe. Alibonyeza yeye pale kaunta, mara ishirini, mara thelathini, huku watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na chai zao, na simu ikishika aliita, "Kibanda cha nne! Ingia haraka, usiiache ipoe."

Mteja wake wa miaka yote hiyo alikuwa Abrehet. Alimtunza mama mmoja wa Kiitaliano aliyepooza, akilala huko huko, na mapumziko yake yalikuwa Alhamisi mchana na Jumapili. Kila Jumapili ya pili alimpigia mama yake, Medhin. Mama huyo alishuka kutoka kijijini kwao kwa mguu hadi dukani kwa Kahsay, Segeneiti, kulikokuwa na simu, akaketi kwenye gunia la mtama akisubiri. Mwaka ule mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba na safari ilikuwa inamchukua saa mbili. Abrehet alikuwa ametuma dawa kwa mtawa mmoja aliyekuwa anarudi, na karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimetoka hatimaye. Mwezi wa nane angekwenda nyumbani, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne.

Jumamosi moja, mwisho wa Machi, Okbazgi alikuwa anajaribu laini ili aone kama kesho yake zitakuwa na afya. Segeneiti ikashika mara ya tatu. Aliyepokea alikuwa Kahsay mwenyewe, na Kahsay hakumsalimu kwa salamu zile ndefu za kila siku. Alimwambia kwamba Medhin amezikwa juzi Alhamisi. Mguu haukuwa mguu tu. Halafu akasema neno ambalo Okbazgi alilijua kabla hajalisikia: binti asiambiwe kwa simu. Kaka yake Habtom, aliyekuwa Frankfurt, ameshapewa habari kupitia wazee wa huko, na atafika Milano Jumapili ya wiki ijayo. Watu wamwendee nyumbani alfajiri, kama inavyotakiwa, wamwambie akiwa katikati ya watu wake.

"Wiki nzima," Okbazgi alisema. "Na kesho ni zamu yake."

"Basi kesho laini mbovu," Kahsay akajibu. "Kuna anayeshangaa laini ikiwa mbovu?"

Okbazgi alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hakuna jambo alilojivunia maishani kama kuipata laini ambayo wengine wameikatia tamaa. Usiku ule hakupata usingizi. Kesho yake Abrehet alipoingia na gauni lake la kanisani, akiwa amembebea mkate wa himbasha uliofungwa kwenye kitambaa, Okbazgi alimwomba akae, akaanza kubonyeza. Tatizo lilikuwa kwamba Abrehet aliijua namba ile kwa moyo na alipenda kusimama kaunta akitazama vidole. Kwa hiyo Okbazgi alibadilisha tarakimu moja tu, ya katikati, akiifunika kwa kiganja. Simu ikaenda, ikaita kweli, mlio mrefu wa kule nyumbani, na hakuna aliyepokea. Alirudia mara kumi. Iliita tu.

"Huenda Kahsay amefunga duka," Abrehet alisema, na uso wake ukasinyaa.

"Huenda. Nitamtafuta katikati ya wiki nimwambie mama aje Alhamisi."

Alilisema hilo ili Abrehet aondoke na kitu mkononi. Hata kabla mlango haujafungwa alishaona kwamba amezidisha, kwa maana sasa Abrehet angeingojea Alhamisi kwa hamu mara mbili.

Alhamisi alikuja mapema, hata koti hakuvua. Alisema ameota ndoto asiyoipenda. Alimuuliza kama amempata Kahsay, na Okbazgi akasema ndiyo, mama ameambiwa, atakuwepo. Alibonyeza namba ile ile ya uongo, akiwa na hakika kwamba ni simu ya ofisi fulani iliyofungwa au nyumba isiyo na mtu. Alimwambia aingie kibanda cha pili asikilize mwenyewe inavyoita, ili aamini.

Iliita mara nne, ikapokelewa.

Okbazgi aliona kwenye kifaa chake cha kaunta sekunde zinaanza kwenda. Akageuka. Kupitia kioo alimwona Abrehet ameinama, mkono mmoja umeziba sikio la pili, anapaza sauti kama wanavyopaza wote wanaopiga huko.

"Mama? Mama, ni mimi. Unanisikia?"

Palikuwa na kitufe cha kukata. Kila kibanda kilikuwa na kitufe chake pale kaunta, na kidole cha Okbazgi kilikuwa juu ya kitufe cha pili. Sekunde moja ingetosha, na angesema laini imekatika, naye angeamini kama alivyoamini mara mia. Lakini Abrehet alikuwa anacheka. Alikuwa anauliza habari za mguu na anacheka, anauliza kama dawa zimefika, anasema mwezi wa nane, mama, matunda ya beles yakiiva, niwekee. Okbazgi aliondoa kidole.

Dakika sita baadaye laini ilikufa yenyewe. Abrehet alitoka na macho yamelowa, akamshika Okbazgi mkono kwa mikono yake miwili.

"Aya, kaka yangu, Mungu akulipe. Mguu umepona. Sauti imekwaruza kidogo, ila mguu umepona. Amesema ananisubiri."

Okbazgi alijibu kwamba ni vizuri. Mwanamke wa kizee mahali fulani alikuwa ameitwa mama na akaitika, na yeye hakujua ni nani wala kwa nini hakusema umekosea namba.

Jumapili, kabla jua halijachomoza, watu ishirini na wawili walipanda ngazi za jengo ambalo Abrehet alipanga chumba na wenzake kwa ajili ya siku za mapumziko. Wanawake walijifunika shuka nyeupe. Habtom alitangulia, hajanyoa, hajalala kwenye treni. Okbazgi alikuwa nyuma kabisa. Abrehet alifungua mlango akiwa na gauni la kulalia, akamwona kaka yake, akaona shuka zile, akajua. Kila mtu wa kwao angejua. Aliuliza neno moja tu.

"Nani?"

"Mama," Habtom alisema.

Wanawake walishavuta pumzi ya kulia pamoja naye. Lakini Abrehet alitikisa kichwa, na usoni mwake kilichoonekana kilikaribia kuwa nafuu.

"Hapana. Nani amewaambia? Mimi nimeongea naye Alhamisi. Habtom, nimeongea naye, mguu umepona."

Habtom alimwambia kwa upole kwamba mama amezikwa siku kumi zilizopita. Abrehet akazidi kukataa, akaanza kumwonea kaka yake huruma, akamwambia amekosewa habari, mwulizeni Aya Okbazgi, ndiye aliyenipigia simu. Watu wote wakageuka ngazini kumtazama mtu aliyekuwa nyuma kabisa. Okbazgi alipita katikati yao. Hakukuwa na namna ya kulipamba neno hilo.

"Hukuongea naye, mdogo wangu. Nilibadilisha namba. Nilibadilisha kwa makusudi, ili usipate habari ukiwa peke yako kibandani. Aliyepokea simjui."

Abrehet alimtazama kwa muda mrefu. Wengine walisema baadaye kwamba walidhani atampiga. Kisha akamwangukia Habtom, na kilio kikaanza, na kilikuwa kilio cha mtu anayefiwa mara mbili kwa siku moja.

Walikaa matanga katika ukumbi wa parokia. Okbazgi alipeleka viti, akapeleka kahawa mbichi na sukari, akakaa upande wa wanaume siku zote tatu. Abrehet hakumtazama. Wazee walimwambia Okbazgi kwamba hakufanya kosa, kwamba angefanya nini, desturi ni desturi. Aliwasikia. Lakini desturi haikumtuma kuondoa kidole kwenye kitufe, na jambo hilo hakumwambia mtu.

Aprili ilipita, Mei ikapita. Abrehet alinunua kadi za kukwangua kwenye kibanda cha magazeti kama mgeni aliyefika jana. Watu walimwambia Okbazgi wamemwona kwenye simu ya barabarani anabonyeza na kubonyeza.

Alirudi Alhamisi moja mwezi wa sita, amevaa nyeusi. Hakuketi.

"Ile namba uliyobadilisha. Unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Nipe."

Okbazgi aliuliza anaitakia nini. Abrehet alisema amekuwa akikasirika miezi hii yote, na katikati ya hasira akakumbuka kwamba kuna mama wa watu amekaa mahali anaamini mwanawe amempigia. Anaamini mwanawe yuko Ulaya, ana karatasi, anakuja mwezi wa nane. "Wewe uliwahi kumfikiria?" alimuuliza.

Hakuwahi. Alikuwa amejifikiria yeye mwenyewe.

Alimwandikia namba. Aliponyoosha mkono abonyeze, Abrehet aliuvuta ule mkonga wa simu upande wake na kubonyeza mwenyewe. Mara ya saba ikashika. Hakuingia kibandani. Aliuweka mkonga katikati ya sikio lake na la Okbazgi, akamfanyia ishara asogee asikie.

Sauti ya kizee, yenye mkwaruzo, ikaitika. Ilitoka Dekemhare, mji ulio njiani kati ya Segeneiti na Asmara. Abrehet alimsalimu, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyepiga mwezi wa tatu, anaitwa Abrehet, ni mtu wa Segeneiti, na kwamba ile namba ilikosewa. "Mimi si mwanao, mama. Nisamehe."

Okbazgi alisogeza sikio karibu zaidi na mkonga.

"Nilijua," mama yule alisema. Jina lake lilikuwa Letensea. Alisema mguu wake haujawahi kuvimba, na mwanawe Azieb hajawahi kumwita mama, humwita kwa jina kama rafiki yake. Azieb alivuka jangwa kwenda Libya miaka sita iliyopita na tangu hapo simu ile ilikuwa kama pambo. "Nikasikia msichana ananiita mama, anataka mguu uwe umepona. Ningekwambia nini, mwanangu? Nikasema umepona."

Abrehet alifumba macho.

"Na mama yako?" Letensea akauliza. "Mguu wake unaendeleaje?"

Okbazgi aliona midomo ya Abrehet ikifunguka na kufumba. Alikuwa amekuja kusema kweli, na kweli ilikuwa pale pale mlangoni.

"Umepona, mama," alisema. "Sasa anatembea vizuri."

Letensea alishukuru Mungu. Mvumo ukapanda, sauti ikazama, na simu ikakatika. Abrehet aliurudisha mkonga mahali pake, akakaa kwenye kiti cha plastiki kwa mara ya kwanza tangu Machi. Okbazgi alimletea chai. Waliinywa yote, Abrehet akaondoka.

Mwezi wa nane alikwenda nyumbani, akaweka jiwe juu ya kaburi la mama yake, na wakati wa kurudi Asmara alishuka njiani Dekemhare, akaulizia hadi akafika kwa mama yule. Letensea alifungua mlango akaona nguo nyeusi. Hakuuliza chochote kuhusu mguu. Alimvuta ndani, akamwekea kahawa, wakalia hadi birika la tatu.

Abrehet alimsimulia Okbazgi haya aliporudi, akiwa amesimama kaunta. Hawakuwa tena kama zamani. Alimsalimu, alimwita Aya, lakini tangu hapo alibonyeza namba zake mwenyewe, na Okbazgi hakumzuia. Siku ile alitoa pochini picha ya msichana mwenye nywele zilizosukwa, anacheka, mkono umeziba jua. Nyuma ya picha Letensea alikuwa ameandikisha jina la Azieb na mwaka aliotoka.

Okbazgi aliibandika ukutani, karibu na orodha ya nchi na bei zake, mahali ambapo kila anayesubiri laini lazima aangalie. Wengi waliopita Libya waliitazama. Wengine waliibandua wakaisogeza kwenye mwanga, wakaulizana kwa sauti ya chini, wakairudisha. Hakuna aliyemjua.