Pikipiki Isiyozimwa

Yusta hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na soko zima la Mwanjelwa, pale Mbeya, lililijua hilo. Anauza viatu vya mtumba, na muuza mtumba ndiye mtu wa mwisho duniani kumwamini muuzaji mwenzake. Kiatu kikiwa kimechubuka upande mmoja, yeye mwenyewe hukipanga upande mzima umtazame mteja, kisha anakaa zake kimya anakunywa chai. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpelekea kitu anunue, jiandae.

Kitu chenyewe kilikuwa pikipiki. Si hizi za bodaboda, hapana. Yusta alitaka ya spoti, ile ya kuinama kidogo ukiiendesha, ila iwe ndogo, ya injini ya cc mia mbili hamsini, nyepesi, ambayo akiikalia nyayo zake zote mbili zinakanyaga chini. Asukile, mchumba wake, alimcheka sana. "Chukua ya mia sita kabisa, mama! Hiyo ndogo utaichoka mwezi mmoja tu." Yusta akamjibu kwamba anayejifunza kuogelea haanzii katikati ya Ziwa Nyasa. Kuendesha kwenyewe alikuwa amejifunza juzijuzi, kwenye uwanja wa shule, na gia bado zilikuwa zinamchanganya. Ndoto yake ilikuwa moja: siku moja afike Iringa nayo, aingie Kihesa kwa Shangazi Tekla aliyemlea, avue helmeti pale uani, na majirani waseme watakayo.

Huko Kihesa kulikuwa na jambo jingine linalomngoja. Jumamosi hiyo washenga wa Asukile wangekwenda kupeleka posa, na kabla posa haijapokelewa, shangazi ndiye humuuliza binti: tupokee, tusipokee? Binti akishasema pokeeni, yamekwisha, wazee hawataki tena kusikia machozi ya baadaye. Yusta alikuwa bado hajajibu. Si kwamba hakumpenda Asukile. Jamani, alimpenda mpaka akajichukia! Ila kulikuwa na kitu kinamkereketa moyoni, na hakujua ni nini.

Pikipiki aliipata Asukile mwenyewe. Ya bluu, safi, iko kwa rafiki yake Brayson wa Mbalizi. "Brayson namjua," alisema. "Hawezi kunitia aibu."

Siku ya kwanza walikutana Iwambi, pale mteremkoni. Brayson alikuwa ameshaipanda, pua ya pikipiki imeelekea chini. Alipowaona akaiachia, ikateleza hatua chache, ikanguruma. Yusta akaikalia. Nyayo zikakanyaga chini zote mbili. Klachi laini, breki zinashika, matairi bado yana meno. Moyo wake ukadunda kama wa mtoto siku ya Krismasi, na hapo hapo akaanza kujishuku, maana alijua vizuri nini humpata mteja aliyekwisha kupenda.

Siku ya pili ikawa Isanga, mlimani tena, pua chini tena.

"Mbona kila siku tunakutana kwenye mteremko?" akauliza.

"Shemeji, Mbeya yote ni milima," Brayson akasema. "Unataka nikupeleke uwanja wa ndege?"

Asukile akacheka. Akacheka muda mrefu kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Yusta akarudi kibandani kwake, akaanza kupanga viatu. Mkono wake ukachukua kiatu kimoja kilichochubuka, ukakigeuza wenyewe, kama kawaida. Akabaki amekishika. Akampigia shangazi yake, akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Akamweleza habari ya pikipiki na miteremko. Shangazi Tekla hajawahi kukalia pikipiki ya spoti maishani mwake, lakini minada ya ng'ombe ameizunguka sana. "Mtu akikuonyesha ng'ombe aliyelala," akasema, "usianze kumsifia pembe. Mwambie amwinue kwanza. Na lile letu je? Washenga wanaondoka alfajiri. Tupokee?"

"Nitakupigia kesho, shangazi. Kabla hawajafika."

Kesho yake baridi ya Julai ilikuwa inauma masikio. Yusta alikuwa amemwambia Brayson ailete pikipiki hapo hapo Mwanjelwa, mbele ya kibanda, mahali tambarare hata ukiweka chungwa halitembei. Brayson akaja nayo kweli, amempakia Asukile. Akasimama, akashuka, lakini hakuizima.

"Zima basi, tuongee," Yusta akasema.

"Aa, shemeji, kwa baridi hii? Ikipoa si nzuri kwa injini."

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilikuwa kimetembezwa mpaka Isanga! Yusta akanyoosha mkono, akageuza ufunguo. Kimya kikaingia, mpaka sauti ya muuza nyanya wa jirani ikasikika vizuri.

Brayson akarudi nyuma hatua moja. Yusta akamkazia macho, akijiambia, nimekushika leo. Akaipanda pikipiki taratibu, akaweka nyayo chini, akashika klachi. Ufunguo akaurudisha. Kidole gumba alikuwa hata hajakipeleka kwenye kitufe cha stata. Akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni kama alivyofundishwa.

Kwenye kioo akamwona Asukile.

Alikuwa nyuma ya pikipiki. Ameinama, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, mikono yote miwili imeshika mkia wa pikipiki, tayari kusukuma. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyesema haiwaki.

"Asu," Yusta akasema bila kugeuka. "Unafanya nini huko?"

Asukile akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha akaiondoa haraka.

Yusta akabonyeza stata. Tik. Akabonyeza tena. Tik.

"Ni betri tu, shemeji," Brayson akaanza.

"Wewe nyamaza, sina ugomvi na wewe. Wewe ni muuzaji, kazi yako kuficha. Hata mimi naficha ubaya wa viatu." Akashuka, akamgeukia mchumba wake. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu mkubwa zaidi. "Umejuaje kwamba inasukumwa?"

Asukile akaangalia viatu vilivyopangwa. "Ni yetu wawili," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi na Brayson. Ila Yusta, nisikilize, ningekutengenezea. Haki ya Mungu, tukishaoana ningekutengenezea kila kitu."

"Tukishaoana?"

"Ndiyo."

"Na kabla hatujaoana? Ingenizimikia kule msituni Nyololo, njia ya Iringa, ukungu umetanda, niko peke yangu, nani angenisukuma?"

Yusta alimngojea ajibu. Kweli alimngojea, maana bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Siku zote alikuwa akimchunguza Brayson kuanzia kofia mpaka soli, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Ondoeni chombo chenu," akasema.

Wakaisukuma wawili, wakakatiza sokoni, watu wakiwauliza imekuwaje. Yusta akawatazama mpaka walipopotea nyuma ya mabanda. Kile kiatu kilichochubuka akakigeuza, ubaya ukatazama njia. Ndipo akachukua simu.

"Kamwene, shangazi. Wamefika?"

"Bado, wameshapita Makambako. Nimeshabandika maji. Haya niambie, tupokee?"

Yusta akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Wapeni chai, shangazi, wametoka mbali na baridi ni kali," akasema. "Posa msipokee."