Watatu Wasioimba

Mzee Waithaka, mwenye ploti hapo Kawangware, alishakata shauri: teleprinta ya Filister, mashine ya kuchapa maneno yanayoletwa na waya, isipochapa nyimbo za kwaya kufikia Jumapili, inapandishwa mkokoteni kwa wanunuzi wa vyuma. "Miezi mitatu inakalia chumba changu na haijasema hata neno!"

Filister, fundi wa redio, aliiokota ilipotupwa na ofisi moja ya mjini, na aliipenda, si mchezo. Shida ilikuwa moja tu. Mashine hiyo ya zamani husoma kila herufi kwa mapigo matano, basi. Chipu aliyoiunganisha ili iiletee maneno ilijua kutuma manane manane. Yale matatu ya ziada, mashine iliyadhania herufi nyingine, ikachapa upuzi: QXZZ, KKQ. Jumamosi mchana Filister alikuwa karibu kulia.

Nje, kwaya ilikuwa mazoezini. Nereah, mwalimu wao, mama kutoka Gem asiyehurumia sauti mbovu, akakatiza wimbo.

"Nyinyi watatu wa mwisho! Mstari ni watu wanane, sare zimeshashonwa, sawa. Lakini nimesema mara ngapi? Simameni, tabasamuni, fungeni mdomo!"

"Mimi nimefunga," akasema wa mwisho, Mzee Waithaka.

"Hujafunga, mzee. Nimekusikia."

Filister akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. Ala! Kumbe ndivyo! Waya ukinyamaza, teleprinta haina neno, hungoja tu herufi inayofuata. Basi yale mapigo matatu ya ziada kwa nini ayafukuze? Ayanyamazishe! Akaandika upya maagizo ya chipu: matano ya kwanza yabebe herufi, matatu ya mwisho yasimame kimya. Akawasha. Mashine ikatetemeka, ikachapa polepole: WIMBO WA KWANZA. Akapiga ukelele, kwaya nzima ikaja mbio mlangoni.

"Ngai!" Mzee Waithaka akashika karatasi kwa mikono miwili. "Umefanyaje?"

"Ni wewe, mzee. Wewe na wenzako wawili."

Alipoeleza, watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee alinuna kidogo, kisha naye kicheko kikamshinda. "Kwa hivyo nikinyamaza, mashine inasema?"

"Inasema, mzee."

Jumapili kila mwanakwaya alikuwa na karatasi yake. Ubeti wa pili ulipopamba moto, furaha ikamzidi Mzee Waithaka, akafungua mdomo. Kutoka benchi la mbele Filister akamwinulia vidole vitatu. Mzee akafunga mdomo, akatabasamu, akageuza karatasi. Habari za mkokoteni hazikusikika tena.