Daktari Alipojilegeza Kitandani

Nilirudi tena kwa daktari wa familia yetu na mgongo uleule. Safari hii hakuugusa. Aliniuliza asubuhi yangu huanzaje. Nikamwambia namnyanyua mama mkwe aliyepooza, namwogesha, namkalisha kwenye kiti.

"Kesho njoo na mumeo," akasema.

Mume wangu alikuja shingo upande. "Kwani mimi naumwa?"

Daktari alipanda kitanda cha wagonjwa, akajilegeza kama nguo iliyolowa. "Nibebe hadi kwenye kile kiti."

Mume wangu alimkumbatia, akavuta, akahema. Kiti hawakukifikia, wote wawili waliishia sakafuni.

Mume wangu akanitazama, jasho likimtiririka. "Mama naye ni mzito hivi?"

"Daktari ni mwepesi," nikamjibu. "Tena yeye hajajikojolea."