Msiba wa Bi Rahma wa Pangani

Mume wangu Shedrack ni Mpangani. Hapa Marangu kila mtu anajua hivyo, ingawa amezaliwa kwenye kihamba hiki hiki, shamba la ukoo, na kitovu chake kimezikwa chini ya migomba iliyo nyuma ya jiko letu. Upangani wake aliupata akiwa na miaka kumi na tisa, siku alipokata mibuni kumi na miwili ya baba yake ili apande nyanya. Baba mtu alimtimua na panga mkononi, akamwambia aende hata baharini. Naye akasema haya, naenda. Akapotea miaka miwili, barua hakuna, salamu hakuna. Aliporudi baba yake alikuwa ameshapoa, na yeye alikuwa amerudi na bahari nzima mdomoni.

Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na hiyo bahari naijua kama Baba Yetu. Naijua nyumba aliyopanga, ya mjane mmoja wa Kiislamu aitwaye Bi Rahma. Najua Bi Rahma alivyomlisha wali wa nazi alipokosa kibarua, alivyomuuguza malaria, alivyomfokea alipochelewa kurudi. Wenzake kilabuni kwenye mbege wakianza habari za ng'ombe, yeye anaanza habari za papa. Miaka ishirini na saba aliongoza wageni mlimani, na nina hakika walirudi kwao wanaijua Pangani kuliko Kibo. Mimi nami, mjinga wa Mungu, akipita muuza samaki mume wangu akafumba macho, nilikuwa namwonea huruma.

Basi mwaka huu, baada ya Pasaka, mama mkwe wangu akatuita kwake. Anaitwa Kornelia, ana miaka sabini na tisa, na ulimi wake hauna hata mwaka mmoja wa uzee. Alisema daktari amemwambia magoti yake yamebakiza safari moja ndefu, na hataipoteza kwa kwenda Dar kwenye harusi za wajukuu wasiompigia hata simu. Anataka kwenda Pangani. Bahari ataitazama, hawezi kufika akafumba macho, lakini hasa anamtaka Bi Rahma.

"Nataka nimshike mkono nimwambie aika," alisema. "Mwanamke mwenzangu alinilelea mtoto wakati mimi namlilia. Sitaki kufa sijamshukuru."

Shedrack alikuwa anakunywa mtori, na kijiko kikagandia njiani. Alisema Bi Rahma atakuwa mzee sana. Mama akasema hata yeye ni mzee. Akasema njia ni ndefu na inachosha. Mama akasema ndiyo maana anaenda na mwanawe, kiongozi mzoefu. Halafu akatoa amri. Mama Kornelia alikuwa katibu wa jumuiya kwa miaka ishirini na miwili na hatoki nyumbani bila karatasi. Akataka aandikiwe mahali pa kulala na mambo ya kufanya, siku kwa siku, na nakala abaki nayo yeye.

Mume wangu alikaa siku tatu akiandika. Binti yetu Grace alitaka kumtafutia habari kwenye simu, baba yake akamkataza, akasema mtandao umejaa waongo. Siku ya nne karatasi ikatoka, imeandikwa kwa kalamu ya bluu na kupigiwa mistari kwa rula. Ninayo mpaka leo. Inasema hivi: Mahali pa kulala, kwa Bi Rahma wa Pangani, nyumba iliyo juu kidogo ya ufuko, dirisha linatazama jua likizama baharini. Siku ya kwanza, kupumzika na kuzoea hewa, asiharakishe mtu. Siku ya pili, saa nne asubuhi, kwenda baharini kuogelea. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kuogelea. Siku ya nne, vilevile. Vitu vya kubeba: koti zito, soksi pea mbili, tochi, fimbo. Na chini kabisa: Ukisikia kichwa kinauma au kichefuchefu, usifiche, mwambie kiongozi akushushe mara moja.

Nikajiuliza, akushushe wapi? Lakini nikanyamaza. Mpangani ni yeye.

Jumatano nikateremka Moshi mjini kuchukua gauni la Mama kwa fundi Zaidi, aliye nyuma ya soko la Mbuyuni. Zaidi ni Mswahili wa mjini, ana kofia, ana maneno matamu, na sisi wa mlimani tukimwona tunajua tu kwamba bahari iko nyumbani kwake. Nikamwonyesha karatasi anisomee kwa jicho la mtu wa pwani. Aliisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa raha, akasema hiyo ndiyo pwani yenyewe, mwandishi amemaliza kila kitu. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba Zaidi amezaliwa Pasua, hapo hapo Moshi, na mwisho wake wa kusafiri ni Korogwe, alikokwenda kuzika.

Lakini pembeni kwenye jamvi alikuwa amekaa mama yake, Bi Ummy, anapasua kunde. Huyo ni wa Pangani kweli, kaletwa Moshi na ndoa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniomba nimsomee na yeye kwa sauti. Nikasoma. Nilipofika kwenye jua akaacha kunde.

"Hebu rudia hapo. Jua linazama wapi?"

Nikarudia, baharini. Akaniambia taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto, kwamba kwao jua hutoka baharini asubuhi, na jioni huzama huku bara, huku kwetu. Nikaendelea kusoma, nikafika saa nne ya kila siku. Akauliza hiyo saa nne aliipanga nani. Kumbe bahari haikai. Inakupwa na kujaa, na kila siku inabadilisha saa, na ukifika imekupwa utaogelea kwenye matope na kaa watakushangaa. Mtoto wa miaka mitatu wa Pangani anajua hilo. Mimi nilidhani bahari inakaa mahali pake kama ziwa Chala.

"Mwanangu," akasema Bi Ummy, "huyu aloandika hii hajapata kuiona bahari. Mwambie hatukumkosea kitu, aje tu atembee."

Nilipanda kurudi Marangu nina hasira ya kuchemsha maharage. Nilimkuta anachanja kuni. Sikumpigia kelele. Nilimuuliza tu maji ya bahari yanakupwa saa ngapi. Akanijibu kwa kujiamini kwamba inategemea na mvua. Hapo nikatandaza karatasi juu ya kuni na kumweleza yote, na yeye akakaa chini kwenye vumbi akajisema.

Pangani hakufika. Aliondoka hapa akiapa baharini baharini, akafika Moshi, akakutana na lori linalokwenda Sanya Juu kupakia mahindi, akaambiwa kuna kazi ya kubeba magunia. Sanya Juu, jamani. Upande wa pili wa mlima huu huu, safari ya asubuhi mtu akarudi mchana. Alikaa huko miaka miwili kwa aibu. Barua hakuandika kwa sababu muhuri wa posta ungemsema. Bi Rahma naye hakuwa Bi Rahma. Alikuwa Bernadetha, Mkatoliki, mjane aliyekuwa akiuza maharage sokoni na kumlaza chumba cha uani. Wali wa nazi ulikuwa kande. Malaria ilikuwa malaria.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mume wangu ilikuwa na miaka thelathini na saba na bado inaendelea. Nilimwambia mama yake ameshaanza kumnenepesha jogoo wa kumpelekea Bi Rahma, tena amesema aende hai ili Bi Rahma mwenyewe achinjiwe kwa taratibu za dini yake. Nilimpa mpaka Jumapili awe amesema ukweli. Akaniahidi.

Jumapili baada ya misa alimfuata mama yake chini ya mti wa kengele, uso ameukunja. Mimi nikasimama mbali kidogo kumwachia nafasi ya kutubu. Nikamsikia akisema, kwa masikitiko, kwamba amepigiwa simu kutoka Pangani, Bi Rahma hatunaye tena.

Nilitamani kumtwanga na kitabu cha nyimbo. Nilimvuta pembeni nikamuuliza amewezaje kumuua mtu ambaye hajazaliwa. Akaninong'oneza nitulie, mambo yameisha, safari haipo tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba bahari imemharibu akili, kwa sababu Mchagga mzima, mwenye mvi, alikuwa amesahau watu wake. Sisi harusi tunakosa, ubatizo tunatuma mtu. Msiba hatukosi. Mama Kornelia alishika shina la mti, akalia machozi ya kweli, akajifuta na kanga, akasema sasa tunaondoka Ijumaa.

Kufika jioni jumuiya nzima ilikuwa uani kwake. Mwenyekiti wetu Filemon alisema Mama hawezi kwenda kuhani peke yake kama mtu asiye na watu, akachagua wanane wa kumsindikiza. Wengine walileta ndizi, wengine maharage na mchele wa matanga. Rozari ikasaliwa. Jumanne asubuhi padre akasoma nia ya misa, kumwombea marehemu Rahma wa Pangani, na watu wakaitikia kwa nguvu. Shedrack alikuwa amepiga magoti mbele yangu, shingo imelowa jasho. Kila aliyepita alimpa pole, na yeye alizipokea zote. Wakamtaka na wasifu wa marehemu, ausome atakapofika makaburini.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, ndipo alipokata jani la isale kwenye ua. Isale ni jani la mpaka, ndilo linaloonyesha kihamba changu na chako, na ndilo tunaloombea msamaha. Ukilifunga fundo ukamletea uliyemkosea, hawezi kulikataa. Ni mwiko, hata kama umemchomea nyumba. Kwa hiyo watu hawalichezei, na mimi nilikuwa sijamwona mume wangu nalo hata siku moja.

Alimkuta Mama anafunga jogoo miguu kwa kamba ya mgomba. Alipiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili, akasema yote. Sanya Juu, magunia, Bernadetha, muhuri wa posta. Hakubakiza, au mimi nilidhani hakubakiza. Mama alimsikiliza mkono ukiwa bado kwenye kamba. Jogoo ndiye aliyekuwa anapiga kelele.

Kisha akalipokea jani. Hakulitazama.

"Miaka miwili," akasema, "kila asubuhi nilikuwa nabeba kigoda naenda kukaa ukingoni mwa shamba, nimegeukia Himo, upande wa bahari. Nakulilia. Baba yako ananiita ninywe chai sisikii. Kumbe wewe ulikuwa nyuma ya mlima. Nilikuwa nimekupa mgongo."

Shedrack alilia. Na mimi nililia, ingawa nilikuwa nimeapa kwamba siku hiyo nitacheka. Mama hakulia. Alisema isale ameshalipokea na msamaha ametoa, hana la kuongeza. Jogoo amenenepa, gauni limeshonwa, na kuna mwanamke aliyemlisha mtoto wake. Ijumaa tunaondoka kama ilivyopangwa, ila dereva akunje kulia huko Boma Ng'ombe. Wale wanane wa jumuiya wakaambiwa msiba umeahirishwa. Filemon anauliza mpaka leo unaahirishwaje.

Basi tukaenda Sanya Juu, sisi watatu na jogoo. Njiani Mama alikuwa na ile karatasi mapajani, amelifuta neno Pangani kwa kalamu. Nilimwona Shedrack anazidi kuwa mdogo kadiri tulivyokaribia, nikadhani ni haya tu ya kawaida. Bernadetha hakuwa mgumu kupatikana. Tuliulizia sokoni penye maharage tukaelekezwa nyumbani, tukamkuta kwenye kibaraza, bibi mweupe wa nywele, macho bado makali. Alimtambua Shedrack kabla hajasema shikamoo. Alimkumbatia, akamwita kwa jina, akamuuliza kama siku hizi anakula vizuri.

Mama Kornelia akasogea mbele na jogoo wake. Alikuwa amejiandaa kwa miaka thelathini na mitano, na maneno yakatoka vizuri. Alisema jina lake, akasema yeye ndiye mama wa huyu, amekuja kusema aika.

Bernadetha alimtazama, akamtazama Shedrack, akarudi kwa Mama. Akaomba kiti. Alipokaa akasema samahani, labda uzee unamchanganya, lakini huyu kijana alimwambia yeye ni yatima kutoka Pangani, na mama yake alizama baharini.

"Nilikulilia sana dada yangu," akasema. "Nilikutolea misa. Mbili."

Mama Kornelia akamweka jogoo chini polepole. Akafungua mkoba, akatoa jani la isale ambalo alikuwa amelihifadhi katikati ya kitabu cha sala, limeshaanza kukauka. Akamgeukia mwanawe.

"Hili ulilonipa jana," akasema, "ni la kosa lipi?"

Mume wangu akageuka, akatoka kibarazani, akavuka barabara, na tukabaki tunamtazama, mzee wa miaka hamsini na sita, anapita ua hadi ua wa Sanya Juu akitafuta jani jingine. Bernadetha akamwambia Mama amwache azunguke, kwa upande huo majani hayo hayapo. Akaingia ndani kutuwekea chai.